KUPANDA NA KUSHUKA MASHUA BILA MSUKUMANO



Mitihani ikiisha, wengi wetu tutashuka bandarini. Wengine wanaenda ku Goma kwa wazazi, wengine Idjwi, wengine Kalehe ao Minova, na kwaya yetu nayo imealikwa upande wa Goma. Sisi watoto wa Kadutu tunajua kupanda na kushuka mlima toka kuzaliwa, hata na bidoni ya lita 20 kichwani. Lakini kupanda mashua na kushuka mashua ni elimu ingine. Komite ya gazeti imeniomba niandike juu ya jambo hili, kwa kuwa ni mimi msimamizi wa wanafunzi nitakayehesabu watu siku ile. Nimeuliza mabaharia, nimeuliza yaya zangu wanaofanya biashara ya Goma, na nimesoma habari za ajali zilizotokea. Haya ndiyo niliyoyapata.

Watu wengi wanaogopa katikati ya ziwa, pale ambapo maji ni meusi na milima inaonekana mbali. Kwa kweli Kivu ni refu kwenda chini, zaidi ya mita 480, na upepo ukivuma mchana mawimbi yanapiga. Lakini ukiuliza mabaharia, watakuambia kwamba wanapumzika katikati ya safari. Moyo unawapiga mwanzoni na mwishoni, saa ya watu kuingia na saa ya watu kutoka. Kwa nini? Kwa sababu katikati ya ziwa kila mutu amekaa. Karibu na bandari kila mutu anasimama.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua yenye jina Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Mwaka ule vita vilikuwa vimekata barabara, njo maana watu na mizigo yao wote walirudi ku maji. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Ilivuka ziwa, ikafika mbele ya bandari ya Kituku, na hapo, watu wa pwani wakiiangalia kwa macho yao, ikalala upande na kuzama. Gavana wa Sud-Kivu alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani, na kwamba 78 wamekufa. Walikuwa wamekwisha kufika! Wengine bila shaka walikuwa wamekwisha kushika mizigo yao mkononi.

Ajali ya namna hiyo haikuanza kwetu. Tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, inchini Tanzania, kivuko MV Nyerere kilikuwa kinakaribia Bwisya, kwenye kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilifanywa kwa watu 101 tu, lakini siku ile walikuwa wengi zaidi sana, pamoja na mizigo ya soko. Habari zilizotolewa siku zile zilisema kwamba kilipokaribia pwani watu walisogea upande mmoja, tayari kwa kushuka, na chombo kikapinduka. Watu 228 walikufa, 41 tu wakapona. Chombo kilibaki kimeelea chini juu, karibu sana na pwani, na watu wa kisiwa wakilia.

Sasa tueleze sababu, maana wengi wetu tumesoma fizika lakini tunaiacha darasani.

Kila mashua ina kitovu cha uzito. Uzito ukiwa chini, mashua ikiinama inarudi yenyewe, sawa mtoto anayeamka kisha kuanguka. Uzito ukiwa juu, mashua ikiinama kidogo tu, ule uzito wa juu unaivuta iinamie zaidi. Angalieni wamama wetu wanaobeba mizigo kutoka bandarini mpaka soko ya Kadutu, kamba ku paji la uso na mzigo ku mgongo. Wanainama mbele kusudi mzigo ukae juu ya miguu yao. Mama akisimama wima na mzigo ule, ataanguka nyuma mara moja. Hakuna aliyemfundisha kitovu cha uzito, lakini anakijua kuliko sisi.

Basi, weka watu 60 ndani ya mashua, na kila mutu awe na kilo 60. Ni kilo 3600. Wote wamekaa katikati, mashua imetulia. Mara mmoja analia: «Njo tumefika! Ona papa pale!» Wote wanasimama na kukimbilia upande wa kuume. Ni sawasawa na kuchukua mifuko 72 ya simenti na kuitupa upande mmoja kwa dakika moja. Tena si kuhamisha upande tu. Mutu akisimama, uzito wake unapanda juu kuliko alipokuwa amekaa. Kwa hiyo kuna makosa mawili pamoja: uzito umepanda, na uzito umehama. Kama juu ya paa kuna mifuko ya makala na ndizi, ni makosa matatu. Na maji kidogo yakiwa ndani chini, yale maji nayo yanakimbilia upande ule ule unaoinama. Maji hayana akili ya kubaki katikati.

Njo maana baharia anapolia «Mukae! Mukae chini!» hatukani watu. Anapigania mashua.

Nimesikia wanafunzi wakisema: kama mashua inazama karibu na pwani, nitaruka na kutembea. Haiwezekani. Pwani yetu si kama ile ya mto mdogo ambapo maji yanafika gotini. Milima ya Bukavu haiishi ku maji. Inaendelea kushuka chini ya maji, mara nyingi kwa ukali ule ule wa njia zetu za Kadutu. Mita chache toka ukingo, miguu haipati kitu. Ziwa letu halina mamba wala kiboko, jambo ambalo wageni wanalisifu, lakini mtu asiyejua kuogelea hahitaji mamba ili afe.

Tuje ku jambo la ubao, maana hapa njo penye vita vya kila siku.

Mashua ikifika, kwanza inapunguza mwendo. Kiisha baharia mmoja anatupa kamba ya mbele, mwingine ya nyuma, na watu wa pwani wanazifunga ku vyuma. Mpira wa gari uliotundikwa ubavuni unazuia chombo kisijigonge ku saruji. Halafu wanaleta ubao wa kupitia. Mbele ya kamba zote mbili kufungwa, mashua bado ni kitu kinachotembea. Inaenda na kurudi, kati yake na ukingo kunafunguka nafasi ya hatua moja, kiisha nafasi inafungwa tena kwa nguvu ya tani nyingi. Kijana anayeruka mbele ya ubao anafikiri anaonyesha ushujaa. Akikosa, mguu wake uko katikati ya chuma na saruji. Hata mpira wa gari unabonyezwa pale mpaka unakuwa bapa, je, mfupa? Msiweke mkono ku ukingo wa mashua wakati inakaribia, na msisimame karibu na kamba iliyovutwa sana. Kamba ikikatika inarudi kama fimbo ya kiboko.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme abiria ni 150 na ubao ni mmoja, unaopitisha mutu mmoja mmoja. Kama mutu anapita mikono mitupu, kwa sekunde 3, wote watakuwa wametoka kwa dakika saba na nusu. Kama kila mutu anavuta valizi na kubeba mfuko, anatumia labda sekunde 8. Dakika 20. Na kama wawili wanaingia ku ubao pamoja, mabega yakagongana, valizi ikakwama? Hapo hakuna anayepita. Wa nyuma hawaoni kinachotokea, wanasukuma zaidi. Haraka yao njo inayowachelewesha. Nimeona safari moja (jina la mashua nalihifadhi) watu wakitumia karibu saa nzima kushuka, kwa sababu wapagazi walikuwa wanaingia kutafuta mizigo wakati abiria walikuwa wanatoka, ubao ule ule, wote wakilia «Mutoke njiani!» Mama mmoja na mtoto mgongoni alibaki katikati ya ubao, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Mzee mmoja mwenye kofia njo aliyewanyamazisha wapagazi kwa sauti moja tu, wakarudi pwani. Kisha hapo watu walitoka kwa dakika chache.

Tofauti ile mzee aliyoifanya kwa kofia yake, bandari kubwa za ulimwengu zinaifanya kwa mpango. Mombasa na Unguja wanapokea meli za watalii ambazo moja yaweza kuleta watu 2000 na zaidi, ni kusema karibu mtaa mzima. Kama wote wangeshuka sawa sisi, wangelala mlangoni. Wanafanya hivi: usiku mbele ya siku ya mwisho wa safari, kila abiria anaweka valizi yake nje ya mlango wa chumba, ikiwa na karatasi ya rangi. Wafanyakazi wanazikusanya na kuzishusha kwa mlango mwingine. Asubuhi abiria wanangoja wakiwa wamekaa, kahawa mkononi, mpaka rangi yao inaitwa. Watu mlango wao, mizigo mlango wake. Mtu anaikuta valizi yake pwani, ndani ya jengo la abiria, imepangwa kwa rangi. Hakuna uchawi hapo, na sehemu kubwa haina hata mashini.

Shida yao ingine sisi hatuna. Katika bahari ya Hindi maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwenye pwani ile kwa mita tatu na zaidi siku za bamvua. Ngazi iliyokuwa sawa asubuhi, mchana imekuwa mlima. Wanapashwa kuichunga na kuibadilisha saa kwa saa. Ziwa Kivu halina mambo hayo. Maji yanaongezeka kidogo wakati wa mvua na kupungua kiangazi, basi. Tena tuna bandari yenye ukingo. Ku Ziwa Tanganyika, ile meli mzee Liemba, iliyotengenezwa na Wadachi mwaka 1913 na kuzamishwa nao wenyewe mwaka 1916 (ikafufuliwa kutoka majini mwaka 1924!), kwa miaka mingi ilisimama mbele ya vijiji visivyo na bandari yoyote. Pirogi zilikuja kuizunguka, na abiria wakapanda na kushuka kwa mlango wa ubavuni, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, mbuzi na samaki vilevile. Kwa hiyo sisi tunaosukumana mbele ya ukingo wa saruji hatuna cha kujitetea.

Na wale wanaosoma Matendo ya Mitume sura ya 27 watakumbuka kwamba merikebu ya Paulo ilikuwa na watu 276, karibu hesabu ya Merdi. Ilikwama na kuvunjika mbele ya pwani ya Malta. Mimi nikiisoma sasa naangalia jambo moja ambalo mbele sikuangalia: akida alipanga namna ya kushuka. Wanaojua kuogelea watangulie, wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote walifika inchi kavu. Angewaacha kila mutu ajitetee, sijui wangebaki wangapi.

Tuje kwetu. Siku ya safari, fikeni bandarini saa moja mbele ya saa iliyoandikwa ku tiketi, hata kama mnajua kwamba mashua itachelewa. Kila mutu ashike tiketi yenye jina lake mwenyewe, pamoja na karte ya mwanafunzi ao kitambulisho kingine. Najua mtindo wa kununua tiketi ya mwingine pale mlangoni kwa bei ya kupunguza. Acheni. Mwaka 1996, tarehe 21 mwezi wa 5, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa, lakini hesabu kamili ilileta ubishi, kwa sababu abiria wa daraja ya chini hawakuwa wameandikwa ku orodha. Mtu asiyeandikwa, wazazi wake wanabaki wakizunguka pwani na picha mkononi. Jina lako ku orodha halikuokoi na maji, ni kweli. Linasaidia watu wako wajue wakutafute wapi.

Juu ya jile ya kuelea: kisha mashua kuzama upande wa Kalehe mwezi wa 4 mwaka 2019, watu 150 wakatangazwa kwamba wamepotea, Rais Félix Tshisekedi aliamuru kila abiria avae jile. Amri ni nzuri, lakini angalieni namna tunavyoitii. Wengi wanaivaa pale wanapopita mbele ya wakubwa wa bandari. Kiisha wanaifanya mto wa kulalia, ao wanaikalia. Ikionekana Goma, wanaivua na kuitupa chini ya kiti, kusudi wasiichelewe njia. Yaani wanaivua saa ile ile ambayo Merdi ilizama! Jile ivaliwe mbele ya kukanyaga ubao wa kuingia, kamba zote zifungwe (kamba zisipofungwa, ukianguka inapanda usoni na wewe unashuka), na ivuliwe wakati miguu miwili iko ku saruji. Kama mashua haina jile ya kutosha, ulizeni. Kama hakuna jibu, ngojeni ingine. Kukosa arusi ya Goma ni hasara ndogo.

Kwa kwaya na wote wanaosafiri pamoja, Bwana Prefe amekubali mpango huu. Tutagawanyika makundi ya watu kumi, kila kundi na mkubwa wake kutoka darasa la mwisho. Ngoma, magita na spika zitapakiwa mbele ya watu, chini kabisa na katikati, si juu ya paa, hata kama baharia anasema paa ina nafasi. Kila valizi itafungwa kitambaa cha rangi ya kundi lake. Nimeiba akili ya watalii, mnisamehe. Tukifika, hakuna anayesimama mpaka kamba mbili zimefungwa na ubao umelala. Kundi la kwanza linatoka mikono mitupu, na wanaume wanne wa kundi lile wanabaki ku ukingo kupokea. Watu wote wakiisha kutoka, njo vitu vinafuata. Wadogo wa mwaka wa kwanza wako ndani ya kundi la pili, si la mwisho, maana wakiachwa nyuma wanaogopa na kuanza kukimbia. Wakubwa wa makundi wanatoka nyuma ya watu wao. Mimi natoka nyuma ya wote, na nitahesabu mara tatu: ku bandari ya Bukavu mbele ya kupanda, ndani ya mashua watu wakiisha kukaa, na ku Goma. Anayejificha kwa mchezo wakati wa kuhesabu atafagia darasa wiki mbili akirudi.

Mikono iwe mitupu ku ubao. Simu ndani ya mfuko wa plastiki, plastiki ndani ya mfuko wa nguo. Si saa ya kupiga picha. Hapana kuvaa kandambili, zinateleza ku ubao wenye maji. Wasichana wenye pagne ndefu waikunje kidogo kusudi hatua ifunguke. Angalieni pale mnapokanyaga, si pale shangazi anapowapungia mkono. Mama mwenye mtoto, mzee, na mwenye fimbo wapewe nafasi mbele, na mmoja wetu atembee mbele yao akiwa amewageukia, mkono tayari. Msimshike mzee kwa kumvuta. Mpeni mkono, aushike mwenyewe.

Kano rapide ina hatari yake ya pekee. Ni nyepesi, inafika Goma kwa saa mbili na nusu ao tatu hivi, na watu wanaipenda kwa hiyo. Lakini wepesi ule unafanya kila mguu uonekane. Ingieni mmoja mmoja, pitieni katikati, kaeni pale mlipoonyeshwa hata kama rafiki yenu yuko upande mwingine. Anayeonyesha nafasi hakuchagua kwa uso, anapima uzito. Mwenye kilo 90 akiambiwa ahame, asikasirike.

Nimewaacha nyuma ndugu wa Idjwi na wa vijiji vya Kalehe, wanaoshukia pasipo na ukingo wala ubao, ndani ya boti ya mbao ao pirogi. Kwao kanuni ni hizi. Mwenye boti ashuke wa kwanza ndani ya maji na kuishika. Mbele ya kuingia, kanyageni katikati kabisa, kamwe si ku ubavu, na mikono miwili ishike mbavu zote mbili za boti. Mkae mara moja. Mizigo kwanza, watu kiisha, na boti ikibaki na vidole viwili tu vya ubavu juu ya maji, mmoja wenu ashuke na kungoja safari ya pili, hata kama jua linaenda kuzama. Wakati wa kushuka, mutu wa mbele atoke kwanza, mwingine asisogee mpaka wa kwanza amesimama imara, na hivyo hivyo mpaka nyuma. Viatu mvue mapema, mvitundike shingoni, maana mtakanyaga maji kwa vyovyote. Wanaosafiri njia hiyo waje kwangu siku ya posho kisha mazoezi ya kwaya, nitawaandika majina na siku zao, na tutaona ni jile ngapi tunaweza kuwaazimia.

Msimamizi wa wanafunzi, darasa la mwisho.